Linki ya makala isiyokufa njiani

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa chuo, nafundisha Pemba somo la mazingira ya pwani. Kila muhula nawatayarishia wanafunzi orodha ya makala kutoka maktaba ya chuo, nawatumia linki kwenye kundi la WhatsApp. Nikiwa ofisini Chake Chake kila kitu kinafunguka. Wao wakirudi makwao, wa Wete, wa Micheweni, wengine Unguja, wanakuta ukurasa unaotaka dola, au maandishi kwamba muda umekwisha. Katika linki 23 za mwisho nilizowatumia, 19 hazikufunguka. Sasa nimeanza kuwatumia mafaili yenyewe ya PDF, ila roho yangu haijatulia. Linki inayodumu inatengenezwaje?

Jibu: Waalaikumu salaam, Mwalimu.

Nianze na linki moja uliyoniambatishia iwe mfano, ile ya makala ya wakulima wa mwani. Inaanza na pdf.sciencedirectassets.com, halafu unafuata mnyororo mrefu wa herufi na tarakimu. Ndani ya mnyororo huo mna kipande hiki: X-Amz-Expires=300. Hizo 300 ni sekunde. Ulipobonyeza kitufe cha kupakua, mchapishaji alikupa wewe ruhusa ya dakika 5 ya kulichukua faili kwenye ghala lake. Ukanakili anwani, ukafungua WhatsApp, ukaandika salamu na maelezo ya kazi ya wiki, na dakika 5 zikawa zimeshapita. Mwanafunzi wako wa Micheweni hakukosea popote. Kilichomfikia kilikuwa kimekwisha muda tangu hakijafika.

Nimeanza hapo kwa makusudi, kwa sababu walimu wengi wanaoniletea swali hili huanza kwa kulaumu simu ya mwanafunzi, au bando, au mtandao wa shamba. Mara nyingi kosa liko pale linki ilipochukuliwa. Anwani unayoiona juu ya kivinjari haielezi makala, inaeleza safari yako wewe: umeingia kwa akaunti gani, umetafuta neno gani, uko kwenye tokeo la ngapi, ruhusa yako inaisha lini. Ukiona ndani yake maneno kama sid, session, token au jsessionid, jua umeshika tiketi ya boti yenye jina lako na saa ya kuondoka. Huwezi kumpa mtu mwengine asafirie kesho.

Kinachotakiwa ni jina la makala, si mahali ilipokuwa jana. Sisi watu wa visiwani jambo hili tunalijua bila kufundishwa. Ukimwambia konda wa daladala mjini Unguja "nishushe Darajani", atakushusha Darajani, ingawa daraja lenyewe lililounganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo halipo tena, na hata ule mkono wa bahari uliokuwa chini yake ulishafukiwa. Vitu vimeondoka, jina limebaki, na kila mtu anajua linampeleka wapi. Lakini ukimwelekeza mgeni kwa kumwambia "pale penye lori jekundu", lori likiondoka mgeni amepotea. Anwani ya juu ya kivinjari ni hilo lori jekundu.

Kwa makala za kitaaluma, jina la namna hiyo linaitwa DOI. Crossref, shirika la wachapishaji linalosajili DOI za makala za majarida, liliundwa mwaka 2000, na tangu hapo majarida mengi yamesajili makala zao mpya na kurudi nyuma kusajili hata za zamani. Kila DOI huanza na 10 na nukta, ikafuata namba ya aliyeisajili, kisha mkwaju (/), kisha kipande alichokichagua mwenyewe. Mwongozo wa mfumo huo nao una DOI yake, 10.1000/182, na huo ndio nitakaoutumia kwa mfano. Kuigeuza DOI kuwa linki ni kazi ndogo, unaitangulizia tu anwani ya mfumo:

https://doi.org/10.1000/182

Jarida likiuzwa kwa mchapishaji mwengine, au tovuti ikibadilishwa sura yote, mchapishaji ana wajibu wa kurekebisha kumbukumbu yake kule kwenye mfumo. Linki yako haiguswi. Orodha uliyoiandika mwaka huu itamfaa mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuanzia leo, nawe hutakuwa na haja ya kuirudia kila muhula. (Ukikuta kwenye orodha za zamani dx.doi.org, usiogope, bado zinafanya kazi. Ila mpya uziandike bila hiyo dx.)

DOI utaikuta ukurasa wa kwanza wa PDF, chini ya kichwa cha makala au chini kabisa ya ukurasa. Kama PDF ni ya zamani na haina, fungua search.crossref.org, uandike kichwa cha makala, na mara nyingi itatokea. Kwa somo lako, jarida la Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalotolewa na WIOMSA, chama cha sayansi ya bahari cha magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao ofisi zao ziko hapa hapa Zanzibar, linapatikana AJOL, tovuti ya majarida ya Kiafrika. DOI zilizosajiliwa na AJOL huanza na 10.4314, basi ukiona namba hiyo utajua makala imetoka wapi kabla hujaifungua.

Hapo umepata jina. Lakini jina peke yake halimfungulii mwanafunzi mlango, na hapa ndipo inapoanza nusu ya pili ya shida yako, ile ya ukurasa unaotaka dola.

Ukiwa ofisini Chake Chake, mchapishaji hakujui wewe. Anaijua namba ya mtandao uliounganishwa nao. Maktaba ilipolipia jarida ilimpa mchapishaji orodha ya namba za mtandao wa chuo, naye akaziandika kama anwani zenye ruhusa. Kompyuta yako ikibisha hodi, anaitazama namba, anaikuta kwenye orodha, anafungua. Hakuna paswadi uliyoulizwa, kwa hivyo unadhani makala iko wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi akiwa kwao Wete na bando la simu, namba inayobisha hodi ni ya kampuni ya simu. Mchapishaji hamjui, anamwonesha bei.

Kuna jambo hapa ambalo mwalimu wa Pemba ana haki ya kuliuliza zaidi ya mwenzake wa Unguja. Chuo chenye kampasi nyingi kinaweza kuwa na laini zaidi ya moja za intaneti, na kila laini ina namba zake. Laini ya Pemba ikiunganishwa baada ya mikataba na wachapishaji kusainiwa, namba zake zinaweza kusahauliwa. Wewe umesema ofisini kwako kunafunguka, basi ofisi yako imo. Je, dakhalia imo? Na lile jengo jipya la madarasa? Kaa na simu yako kwenye waifai ya dakhalia, ufungue makala moja ya kulipia. Ikikataa, mwandikie mkutubi wenu umwambie ni jengo gani na mchapishaji gani. Kuongeza namba kwa mchapishaji ni barua pepe moja tu, lakini haitaandikwa mpaka mtu aseme.

Kwa walioko nje ya chuo, dawa ni proksi. Hii ni seva ya maktaba inayokaa katikati. Mwanafunzi anaingia kwake kwa jina na paswadi ya chuo, seva inamtambua, kisha yenyewe ndiyo inayokwenda kwa mchapishaji kwa niaba yake. Mchapishaji anaiona namba ya chuo, anafungua. Programu ya proksi iliyoenea zaidi maktabani duniani ni EZproxy. Iliandikwa mwaka 1999 na mkutubi wa chuo kimoja cha Arizona, Marekani, Chris Zagar, na tangu mwaka 2008 iko mikononi mwa OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba. Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu wa ukutubi kwamba kifaa hiki kilitoka kwa mkutubi aliyekuwa na shida hii hii uliyonayo wewe, wala hakikutoka kwenye kampuni kubwa ya kompyuta.

Linki kamili sasa ina vipande viwili vilivyoshonwa pamoja, mlango wa maktaba na jina la makala:

https://proksi.chuochako.ac.tz/login?url=https://doi.org/10.1000/182

Sehemu ya chuochako nimeibuni, ya kwenu utaiomba maktaba. Waambie unataka kiambishi cha proksi kinachotangulia linki. Ukishakipata ukiandike mahali usipokipoteza, maana utakitumia miaka yote utakayofundisha hapo. Unakibandika, na bila kuacha nafasi hata moja unaunga linki ya DOI. Basi. Mwanafunzi akibonyeza akiwa Micheweni anaulizwa jina na paswadi, akishaingia anatua kwenye makala. Akibonyeza akiwa chuoni, maktaba nyingi huweka seva impitishe moja kwa moja bila kumuuliza.

Msichanganye linki hii na ile ambayo proksi huiunda yenyewe ukiwa tayari umo ndani. Ukiingia JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, kupitia proksi utaona juu ya kivinjari kitu kama www-jstor-org.proksi.chuochako.ac.tz, nukta zimegeuzwa vistari na jina la maktaba limechomekwa katikati. Inavutia kuinakili kwa sababu inaonekana tayari ina proksi ndani. Mara humpeleka mwanafunzi kwenye ukurasa wa kuingia, mara humwacha njiani, na chuo kikibadilisha mipangilio ya seva zote hufa siku moja. Nyingi ya zile linki zako 19, kwa jinsi ulivyozieleza, nahisi ni za aina hii na ile ya dakika 5.

Vyuo vingine havitumii EZproxy, vinatumia OpenAthens, mfumo mwengine wa kumtambua msomaji aliye nje ya chuo. Kule linki ya makala lazima isimbwe kabla ya kuungwa, yaani nukta mbili igeuzwe %3A na mkwaju ugeuzwe %2F:

https://go.openathens.net/redirector/chuochako.ac.tz?url=https%3A%2F%2Fdoi.org%2F10.1000%2F182

Usiifanye kazi hiyo kwa mkono, ni rahisi kukosea. OpenAthens wana ukurasa wa kutengenezea linki, na maktaba yenu itakuonesha ulipo. EZproxy ikiandikwa login?url= haihitaji kusimbwa, lakini ukiona qurl badala ya url, inahitaji. Herufi moja tu, na nimeona watu wakihangaika nayo asubuhi nzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo maelezo mengi ya maktaba hulipita haraka, nami naona ndilo linalowaumiza wanafunzi zaidi. DOI inampeleka msomaji kwa mchapishaji. Lakini maktaba yako huenda haikununua jarida kwa mchapishaji. Huenda ililipata ndani ya hifadhidata, kwa mfano EBSCO, yenye majarida mengi ya wachapishaji mbalimbali kwa mkataba mmoja. Hapo mwanafunzi atabonyeza linki uliyoitengeneza sawasawa kabisa, ataingia kwa paswadi yake, proksi itampeleka kwa mchapishaji, na mchapishaji ataangalia namba ya chuo na kusema: hawa hawajanilipa. Ukurasa wa dola unarudi, na mara hii hakuna aliyekosea.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye chuo ambacho si hiki nilichopo, alinijia msichana aliyetoka Makunduchi kwa daladala. Alikuwa ameandika kwenye daftari bei aliyoiona kwenye simu, dola 40 kasoro, na akaniuliza kwa sauti ya chini kama chuo kinaweza kumkopesha. Makala ile tulikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya hifadhidata tuliyokuwa tukiilipia kila mwaka, ukurasa wa pili wa matokeo. Linki aliyopewa na mwalimu wake ilimpeleka mlango ambao si wetu, na hakuna aliyemwambia kuwa upo mwengine. Tangu siku ile sijawahi kutoa linki bila kuhakikisha kwanza maktaba imeipata makala kwa njia gani.

Kwa hivyo kabla ya kushona, tafuta kichwa cha makala kwenye ukurasa wa maktaba wa kutafutia. Ikitokea ndani ya EBSCO, achana na DOI kwa makala hiyo. Fungua ukurasa wa makala, tafuta kitufe cha kushiriki au chenye alama ya pingu za mnyororo, ndani yake utakuta neno Permalink. Linki inayotokea hapo ndiyo ya kunakili. Iangalie vizuri mwanzo wake, kwa sababu maktaba nyingi zimeshaiwekea proksi tayari. Ukiongeza kiambishi chako tena juu yake utakuwa na proksi mbili, na haitafunguka. JSTOR ni nyepesi zaidi: kila makala ina anwani yenye neno stable na namba, ya sura hii, https://www.jstor.org/stable/ ikifuatwa na tarakimu. Iungie kiambishi cha proksi, umemaliza. Ujue tu kwamba majarida mengi JSTOR huchelewa kwa makusudi, mara nyingi miaka 3 hadi 5, kwa hivyo makala mpya utazikosa huko. Na kwa mwanafunzi ambaye paswadi yake ya chuo imegoma, JSTOR humruhusu mtu yeyote aliyejiandikisha bure kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. Waambie hilo siku ya kwanza ya muhula.

Itatokea pia proksi ikuletee ukurasa unaosema tovuti hiyo haijulikani kwake. Maana yake aliyeiweka seva hakuiandika doi.org, au hakumwandika mchapishaji yule. Mjulishe mkutubi, ni mistari michache kwenye faili la mipangilio. Akichelewa, weka anwani ya ukurasa wa makala kwa mchapishaji badala ya DOI, ile safi isiyo na alama ya kuuliza na mkia nyuma yake.

Research4Life inataka tahadhari yake. Huu ni mkusanyiko wa programu za mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, unaozipa taasisi za nchi zetu majarida bure au kwa bei ndogo: HINARI ya afya ilianza 2002, AGORA ya kilimo 2003, OARE ya mazingira 2006, na hiyo ya mwisho ndiyo inayokuhusu wewe. Ukiingia kule, linki zote unazoziona zimepitishwa kwenye lango lao, mwanzoni utaona login.research4life.org. Hazimfai mtu ambaye hajaingia kwenye lango hilo. Mpe mwanafunzi DOI, umwelekeze aingie kwanza kwenye lango la Research4Life kwa utaratibu wa maktaba yenu, kisha aitafute makala kwa DOI hiyo akiwa ndani. Na nakuomba sana, Mwalimu, jina na paswadi ya taasisi msiiandike kwenye kundi la WhatsApp. Kundi la wanafunzi 60 lina kaka, dada na marafiki nyuma yake. Paswadi ikizagaa, taasisi nzima inaweza kufungiwa, na watakaoumia ni madaktari wa mkoa na watafiti wa kilimo ambao hawana mlango mwengine.

Nimezungumza mengi juu ya milango iliyofungwa. Lakini katika somo lako makala nyingi nzuri hazina mlango kabisa, na hilo ndilo la kuangalia kabla ya yote. Jarida la WIOMSA nililolitaja, na mengi yaliyomo AJOL, yanasomwa bure na mtu yeyote popote. Ukikuta makala iko wazi, usiiwekee proksi. Nimeona orodha za somo ambamo kila linki imepewa kiambishi bila kuangalia, kisha mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana, ambaye paswadi yake imeshazimwa, anazuiwa kusoma makala ambayo dunia nzima inaisoma bure. Makala wazi ipewe DOI yake tupu. Ikiwa ya kulipia, jaribu pia kuitafuta Unpaywall, huduma inayotafuta nakala halali za bure kwa kutumia DOI. Mara nyingi mwandishi ameiweka nakala yake kwenye hazina ya chuo chake.

Hazina za vyuo, hizi zinazohifadhi tasnifu na makala za walimu wao, nyingi zinatumia programu ya DSpace na kila andiko hupewa linki ya kudumu inayoanza na hdl.handle.net. Huu ni ndugu mkubwa wa DOI, maana DOI imejengwa juu yake, na unaweza kuuamini. Isipokuwa sehemu moja. Ukiona baada ya hdl.handle.net inafuata namba 123456789, usiitumie. Hiyo ni namba ya kujazia nafasi inayokuja na programu ikiwa mpya, na chuo kilichoiacha hivyo hakijasajili namba yake halisi. Linki inaonekana kama ya kudumu, imeandikwa kabisa kwamba itumike kunukuu, lakini haifunguki popote. Hali kadhalika yenye neno localhost, hiyo inafanya kazi ndani ya seva yao tu. Kwa andiko kama hilo nakili anwani ya ukurasa wake kwenye tovuti ya chuo, uandike pembeni jina la mwandishi, mwaka na kichwa kamili, ili linki ikifa mwanafunzi awe na cha kutafutia.

Kila linki uijaribu kabla ya kuituma, na usiijaribu kwenye kompyuta ya ofisini. Hapo kila kitu kitakuambia ndiyo. Zima waifai kwenye simu yako, washa bando, fungua dirisha la faragha la kivinjari lisilokumbuka kuwa umeshaingia, kisha bonyeza. Sasa wewe ni mwanafunzi wa Micheweni. Ukiulizwa paswadi na baada yake ukatua kwenye makala, linki ni nzima. Irudie kesho yake kwa linki mbili tatu, zile za dakika na za masaa hujitokeza hapo.

WhatsApp nayo ina mambo yake. Usimalizie sentensi kwa linki na nukta, maana nukta inaweza kuingia ndani ya linki. Iweke kwenye mstari wake peke yake. Usiifungie kwenye mabano. Ukiitoa kwenye Word, angalia kistari hakikugeuzwa kuwa kirefu, na linki haikukatwa na mwisho wa mstari. Na usiifupishe kwa huduma za kufupishia linki kwa sababu tu ni ndefu na haipendezi. Google waliacha kutoa linki mpya za goo.gl mwaka 2019, na kampuni kubwa kama ile ikiweza kuacha, ndogo hazina dhamana yoyote. Utakuwa umelichukua jina lililodumu ukalifunika kwa lisilodumu.

Kuhusu PDF. Naelewa kabisa kwa nini umefika huko. Mwanafunzi yuko Kojani, mtandao unakuja na kwenda, wewe unataka asome. Ikiwa makala ina leseni ya wazi, kama ile ya Creative Commons inayoandikwa CC BY, mtumie PDF bila wasiwasi na utaje mwandishi. Za kulipia ndizo ninazokuomba uziache. Mkataba wa maktaba na mchapishaji kwa kawaida unaruhusu linki na hauruhusu kusambaza faili kwenye makundi, na anayebeba lawama ni chuo. Pia makala ikirekebishwa au ikiondolewa kwa kosa la kitaaluma, ukurasa wake utaonesha hivyo, lakini PDF iliyomo kwenye simu za watu haitasema kitu.

Na kuna hesabu ambayo walimu hawaioni. Mwisho wa mwaka mchapishaji huiletea maktaba ripoti ya matumizi, nyingi zikifuata kanuni ya COUNTER, inayoonesha kila jarida limefunguliwa mara ngapi. Mkutubi huingia na ripoti hiyo kwenye kikao cha bajeti. Wanafunzi wako 60 wakisoma makala kwa linki, ripoti itaonesha 60. Wakiisoma kwa PDF moja uliyoituma wewe, itaonesha 1. Nimekaa kwenye vikao ambavyo jarida lilikatwa kwa sababu "halisomwi", huku nikijua lilikuwa likisomwa sana, kwa njia ya simu mkononi, bila alama yoyote kwenye karatasi iliyokuwa mbele yetu. Mwaka uliofuata mwalimu alikuja kuuliza jarida lake liko wapi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwa mwenye mtandao hafifu, mfundishe kuingia kwa linki siku alipo mjini au chuoni na kupakua nakala yake mwenyewe kwenye simu. Hiyo ni ruhusa yake, na ripoti inamhesabu.

Zile linki 23, usianze nazo zote. Chukua za wiki mbili zijazo, zitafute moja moja kwenye maktaba, utazame ipi iko wazi, ipi iko kwa mchapishaji, ipi iko kwenye hifadhidata. Ile ya mwani nimeitazama: ukurasa wake kwa mchapishaji umeandikwa kuwa ni makala wazi, na DOI iko chini tu ya majina ya waandishi. Kwa hiyo haihitaji proksi wala paswadi. Andika https://doi.org/ uunganishe na hiyo DOI, uwatumie tena leo usiku.